Amplifaya Kubwa

Wimbo wa kwaya yetu ya Isansa niliuongoza mimi. Kwenye redio ya nyumbani ilisikika sauti moja tu, na kila mgeni nilimwambia ni yangu.

Jana nilikwenda na mume wangu kununua amplifaya katika duka moja la Tunduma, na muuzaji alichomeka flashi yetu kwenye amplifaya kubwa. Sauti zikawa mbili. Yangu ilikuwa chini kabisa, nyembamba. Juu yake alikuwa Jenista, yule wa safu ya nyuma.

Mume wangu ndiye mwalimu wa kwaya. Ndiye aliyekwenda studio kumalizia kurekodi, eti peke yake.

Mkono wake ulikimbilia kupunguza sauti. "Mama," akaniambia, "tuchukue tu ile ndogo."

"Tufungie hii hii," nikamwambia muuzaji. "Jumapili baada ya ibada namwalika Jenista nyumbani, aje asikilize."