Mbuzi Waliobaki Nje ya Geti

Vigelegele vilikuwa vimeshaanza Mama Anord alipopaza sauti: "Msifungue geti!"

Mbuzi sita wa mahari yangu walikuwa wamefika Chimala kutoka Rujewa. Ndani ya geti letu la mabanzi kulikuwa na zizi la baba, mbuzi na kondoo zaidi ya themanini.

Mama Anord, mama wa mchumba wangu, alichuchumaa vumbini na kitenge chake kipya. Akamshika jike mmoja mweupe aliyekuwa akitokwa na makamasi, akamfunua mdomo. Nikaona kupitia mabanzi: fizi zilikuwa zimejaa vidonda, vimeganda juu kama ukoko wa uji.

Shemeji yake akamwinamia. "Shemeji, nyamaza basi. Tukishakabidhi ni wa kwao."

"Hawa wakiingia, humo ndani hatabaki hata mbuzi mmoja," akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Kisha akamgeukia baba. "Wakwe zetu, mtusamehe. Mbuzi wetu wana sotoka. Leo mahari hatujaleta."

Vigelegele vikakatika. Washenga wakatazama viatu vyao. Mimi, bibi harusi mwenyewe, nilisahau hata kuona aibu. Nilikuwa namtazama yeye tu, amemkumbatia yule jike asisogelee geti, kitenge chote kimelowa makamasi.

Baba naye alimtazama. Halafu akanigeukia.

"Mpelekee mkweo maji anawe."