Mwalimu wa Osaka

Charo aliinamia simu kwa heshima, kisha akakumbuka kwamba kamera imezimwa. Akajicheka. Kijana mzima wa Miritini, kapiga magoti juu ya gunia, anaisujudia simu yenye kioo kilichopasuka.

"Nipo, mwalimu," alisema, kwa Kiingereza alichokikatakata makusudi ili kifanane na cha Mjapani.

Kwa mwalimu, yeye hakuwa Charo. Alikuwa Haruki, mzaliwa wa Nagoya. Siku ya kwanza aliogopa kwamba mchoraji wa katuni za anime wa Osaka hangempokea mwanafunzi wa Miritini, akadanganya, na uongo ule, kama mbuzi wa kufugwa, ulitaka kulishwa kila siku. Alishakunywa chai bila sukari. Alishajifunza kulalamikia theluji.

Ukweli usemwe, upuzi huo ulimfaa. Alipoanza, mashujaa wake wote walificha mikono mifukoni, kwa kuwa vidole vilimshinda kuchora. Sasa walishika panga. Nywele tu ndizo zilizobaki kumtesa. "Uso utakusamehe," mwalimu alizoea kumwambia. "Nywele hazisamehi. Anzia kisogoni."

Nyumbani hakuwa na wa kumsifu. Dada yake Velma, aliyemlisha kwa mshahara wa kiwandani, alikuwa amechoka kungoja. Mwalimu akisema leo kwamba hana kipaji, kesho Charo angeingia yadi ya malori kupakua mizigo. Na Gedion, kinyozi aliyepanga chumba cha pembeni katika ploti yao ya vyumba vya kupanga, hakupitwa na nafasi ya kumtania: "Buda, bado unachora watoi wenye macho ka sahani?"

"Haruki," mwalimu alianza. "Nimeutazama mchoro wako wa mwisho."

Charo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mtihani wowote.

"Leo nitakwambia kama wewe ni mchoraji, au unaharibu wino bure. Mimi..."

"Maji yamekuja!" Mama Kahaso, mwenye ploti, alipiga kelele uani.

Charo alizima maikrofoni haraka. Nagoya hakuna anayekimbilia maji.

"Samahani, Haruki," mwalimu alisema. "Nimepata mgeni kutoka ubalozini. Usikate simu."

Bahati iliyoje. Mfereji ule ulitoa maji ulipojisikia, na Velma akikuta mapipa matupu, hata kipaji hakingemwokoa mtu. Charo alichomeka waya wa simu masikioni, akanyakua mitungi, akatoka mbio miguu mitupu. Msanii mkubwa wa kesho alifika foleni ikiwa ndefu tayari.

"Weka mtungi chini ungoje zamu yako, mwanangu," Mama Kahaso alimwambia. "Hapa hakuna mkubwa."

"Sawa, mama."

Akangoja maji, na hukumu.

"Haruki, bado upo?" sauti ilimjia masikioni. "Wewe ni mchoraji. Mimi sina tena la kukufundisha."

Machozi yalimlenga hapohapo, mbele za watu. Alitamani Velma angekuwepo asikie. Akafungua maikrofoni ili ashukuru.

Mbele yake kwenye foleni, Gedion kinyozi alisukuma mtungi wake kwa mguu hadi chini ya mfereji, akauleta waya wa simu yake karibu na mdomo, akaeleza kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba mgeni wa ubalozini hapendi kungojeshwa.