Mlango wa Upande wa Mama

Semeni alilizima lile gari kuukuu nje ya soko. Baba yake, Mzee Kondo, ndiye aliyeliendesha kila siku hadi alipofariki. Mama yake, Bi Zaituni, alikuwa ametoka eda juzi tu, na hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumbani.

"Tumefika, mama. Shuka."

Bi Zaituni alibaki amekaa, mkoba mapajani. Miaka yote mlango wa upande wake ulikuwa haufunguki kwa ndani. Mzee Kondo alikuwa akizima gari, anazunguka mbele huku ameegemeza kiganja kwenye boneti, kisha anamfungulia. Siku nyingine alisimama nje akimchungulia kiooni: "Nikufungulie, au leo unalala humu?"

"Fundi ameshautengeneza," Semeni alisema. "Sikutaka upate tabu. Vuta tu hicho kishikio."

Kishikio kilikuwa kipya, kinang'aa peke yake kwenye mlango uliochakaa.

"Baba yako angemgombeza huyo fundi," Bi Zaituni alisema taratibu. "Lakini ahsante, mwanangu. Tangulia."

Semeni akashuka, akachukua kikapu kwenye kiti cha nyuma, akaenda kusubiri kwenye kivuli cha kibanda cha nyanya.

Bi Zaituni alikishika kishikio. Hakukivuta. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye boneti, pale rangi ilipofifia kwa kupitiwa na kiganja kila siku.