Kijiji Ndani ya Mashine

Komanda Kasonia alimshika mwalimu mzima kwa ukosi wa shati, akamtoa kitini mbele ya kompyuta, akaketi yeye. Bunduki aliilaza mezani, mdomo wake ukiwaelekea waliokuwa wakingoja zamu.

"Onyesha ile village mupya," alisema. "Banasema iko na trésor."

"Iko, mon commandant," alijibu Delphin, akavuta kiti chake karibu. Mapajani alikuwa na kitenge kilichokunjwa kama furushi la chakula. Ndani yake mlikuwa na bastola.

Mwaka ule Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi, na watu wa Kasonia walichukua walichotaka: mbuzi, baiskeli, hata zamu ya mtu kwenye salle ya jeu. Salle yenyewe ilikuwa chumba cha mbao chenye kompyuta moja iliyotoka Dubai, na mchezo mmoja tu, wa kuzurura. Unajitengenezea mtu wako, unatembea nchi nzima unakotaka, unapigana, unaiba ukipenda. Ulipofika ulikuwa na theluji na majumba ya kizungu, watu wakaukinai upesi. Ndipo Delphin akaanza kuutia modi, vile viraka ambavyo mchezaji huviunda mwenyewe kuugeuza mchezo wa wenzake. Farasi akawafanya chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Dawa ya kuponya majeraha akaifanya kasiksi, pombe ya ndizi. Theluji akaiondoa, akapanda mikalatusi, na mji mzima ukahamia pale.

Kijiji alikitia mwisho. Wateja walidhani amekibuni. Kumbe kilikuwa kwao, nyuma ya Luofu, nyumba kwa nyumba, kama kilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Hilo hakumwambia mtu, hata Ananie, mshirika wake mwenye jenereta, ambaye alikula naye sahani moja. Ananie mwenyewe hakuwahi kukicheza kile kijiji. Alisema kazi yake ni mafuta na moshi.

Hazina yenyewe, ile trésor, Delphin aliificha mle mchezoni, jikoni kwa mama yake, siku Ananie alipokuwa Beni kutafuta mafuta. Chini ya mafiga kulikuwa na shimo. Mama yake alilichimba vita vilipoanza, na ndimo alimojificha na Kavira, dada yake Delphin, siku watu wenye bunduki walipokuja. Walilijua wao watatu tu. Labda Kavira alikohoa. Delphin aliporudi kutoka sokoni alikuta jiwe moja limesukumwa, lile la upande wa ghala, na mengine mawili yamekaa mahali pake. Mama na Kavira walikuwa uani. Aliwazika mwenyewe.

Tangu hapo aliishi kwa kumtafuta mtu aliyelisukuma lile jiwe. Aliwauliza wasafiri, kwa mzaha mzaha, ni nani waliopita huko. Ananie ndiye aliyempa jina.

"Kasonia na batu yake," alisema. "Nilisikia mu baa. Miye huko sijafika hata siku moja. Nilitoka Kamango, nikakuja direct Butembo."

Basi Delphin akatega. Watu walikuwa wameitafuta hazina ile mpaka wakachoka: chini ya vitanda, darini, kwenye zizi. Mafiga hakuna aliyeyagusa. Mtoto aliyelelewa hagusi mafiga ya mama wa mwenzake, na kumbe hata kwenye mashine mkono unakataa. Delphin alifurahi. Atakayeyagusa atakuwa yule ambaye amekwisha kuyagusa.

Kasonia aliingia kijijini kwa fujo zake. Aliua mbuzi njiani, akavunja ghala, akamwaga maharagwe ya watu.

"Donc trésor iko wapi?"

"Mu jikoni haujaangalia, mon commandant."

Mkono wa Delphin ulikuwa umeingia ndani ya kitenge. Alimchukia mtu yule, na aliona raha kumchukia.

Kasonia aliingia jikoni. Alipindua vyungu, akang'oa mkeka, akafika kwenye mafiga. Mshale wa kipanya ukatua juu ya jiwe la upande wa ghala. Kidole cha Delphin kikakipata kifyatulio.

Mshale ukaondoka. Kasonia akayazunguka mafiga kwa mbali, pole pole, kama mtu anayempisha mama akipika.

"Mbona unaruka pale?" Delphin alishindwa kujizuia.

"Mafiga ya mama ya mwenyewe?" Kasonia alimtazama kwa dharau. "Kwetu Mbau hapana gusa, hata mu jeu. Weye, mama yako alikufundisha nini?"

Akasimama, akapiga kiti teke, akatundika bunduki begani.

"Kesho narudi. Kama hakuna trésor, nitachoma hii machine, na weye ndani."

Wateja nao wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Delphin alibaki kitini. Chuki aliyoilea muda wote huo ilikuwa na sura na jina, na sasa haikuwa na pa kukaa. Angetaka kulia.

Ananie, aliyefika mlangoni na bidoni ya mafuta komanda akitoa tishio lile, aliiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Huyu kesho atatuunguza kweli," alisema. "Lazima tumuonyeshe hiyo trésor." Akaketi kwenye kiti cha komanda. "Banaangaliaka fasi yote, mais hapana juwa kutafuta. Leta souris." Akavuta kipanya.

Hakutazama ghala, wala vitanda, wala dari. Aliingia moja kwa moja jikoni, akalisukuma jiwe la upande wa ghala, mengine mawili akayaacha mahali pake.

Kidole cha Delphin kilikuwa bado ndani ya kitenge.