Moyo wa Toleo la Zamani

Siku hizo mioyo mingi mjini Kitale ilikuwa ya bandia, na yote iliendeshwa kwa lugha moja ya kompyuta. Nasimiyu alikuwa miongoni mwa watunzaji wa lugha hiyo, wale walioirekebisha kila ilipokosea. Mchana ule walikuwa wamepiga kura kuacha kuhudumia vichakataji vya zamani, vile vifaa vidogo vinavyofanya hesabu ndani ya moyo, maana kila rekebisho jipya lilikwama kwa sababu ya vifaa hivyo. Moyo wa mama yake ulitumia kichakataji cha aina hiyo.

Jioni alimkuta mama uani akichambua kunde.

"Mama, moyo wako hautasimama," alisema. "Utaendelea kupiga. Ila ukipata hitilafu, hakuna atakayeurekebisha."

"Si wanibadilishie?"

"Daktari alisema kifua chako hakiwezi kupasuliwa tena."

Mama aliendelea kuchambua. "Nawe ulipiga kura gani?"

Nasimiyu alitaka kumweleza habari za watoto ambao mioyo yao ilikuwa ikisubiri marekebisho yaliyokwama. Akaziacha.

"Niliunga mkono, Mama."

"Haya. Ungenificha ndipo ningeudhika." Mama akainuka, akashika sufuria ya maji aipeleke jikoni.

"Acha, nitabeba mimi," Nasimiyu alisema, naye ameshasimama.

"Tangu lini?"

Tangu jioni hiyo Nasimiyu hakuweza kukaa na mama yake bila kumtupia jicho kifuani. Na mama, akijua anatazamwa, alianza kupumua taratibu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.