Mawe kwa Mama Wei

Rwekaza hakuwa na Kichina hata neno moja. Hakuwa na ndugu Uchina, wala hakuwa na haki ya kushika muhuri ule wa jiwe. Na tangu mwaka jana hakuwa na ujasiri wa kusimama kwenye foleni ya komunyo.

Muhuri ulikuwa wa Mwalimu Wei, fundi saa wa Mabatini aliyemfundisha kuchora kwa wino. Mama yake Wei, bibi wa karibu miaka tisini, alibaki kwao milimani. Mama na mwana hawakuandikiana maneno. Mwana alituma picha ya mawe ya Mwanza, mama akajibu kwa picha ya mianzi, na kila mmoja akajua mwenzake ni mzima.

Wei alipokuwa akikata roho mwaka jana, alimshika Rwekaza mkono. "Mama asijue. Habari hii itamuua. Chora wewe."

Basi Rwekaza akawa anachora, anagonga muhuri wa marehemu, anatuma.

"Baba Kashaija," mkewe Kokulinda alimwambia asubuhi ile, "bado unamfufua Mchina wa watu? Yesu mwenyewe alimfufua Lazaro mara moja tu, akamwacha."

"Nikiacha, yule mama atajua."

"Na asipojua, nani atamlilia mwanawe?"

Neno hilo lilimchoma. Akaamua: safari hii angetuma picha isiyo na muhuri. Mama angeelewa.

Alichora mawe. Ziwa hakuligusa, Wei alimfundisha kwamba maji ni karatasi yenyewe, ukiyachora umeyaua. Siku za mwanzo Rwekaza, mchora vibao vya maduka, alipitisha brashi mara ya pili kila mstari ulipofifia. Wei alicheka sana. "Mzee Rwekaza, unapaka ukuta? Mstari ni pumzi, haurudiwi. Mimi mama alinichapa kwa kosa hilo nikiwa mtoto mdogo!"

Picha ikakauka. Bila muhuri ilikuwa kama kaburi lisilo na msalaba. Ndipo akaikumbuka bahasha ya mama iliyofika jana, ambayo kwa aibu hakuwa ameifungua.

Mianzi, kama kawaida, na muhuri mwekundu wa mama pembeni. Akaisogeza dirishani. Jani moja la chini lilikuwa limepitiwa na brashi mara mbili.

Akatoa mvunguni picha zote za mama, akazitandaza sakafuni. Zilizofika enzi za Wei, kila jani lilikuwa pumzi moja. Zote za mwaka huu zilikuwa na majani yaliyorudiwa, kwa woga, kama ya mwanafunzi aliyeachiwa muhuri wa mwalimu wake.

Kokulinda alitokea mlangoni, akamwona uso. "Nani amekufa?"

Rwekaza alichovya muhuri wa Wei kwenye wino mwekundu, akaugonga taratibu chini ya mawe, akaifunga bahasha kwa gundi, akaipeleka posta.