Kisima Kilichopumzishwa

Kilomita nne chini ya udongo mwekundu wa Mirihi, kwenye kina cha kisima, kipimajoto kilisoma nyuzi sitini na moja. Mtambo wa umeme wa joto la ardhini ulihitaji mia moja na ishirini. Dhoruba ya vumbi ilikuwa imefukia paneli za jua, na watu mia tatu wa mji ule walikuwa wameshafunga mizigo.

"Basi, Bi Kidawa," alisema mwenyekiti Mlekwa. "Chombo cha kutuhamisha kinaondoka keshokutwa. Tia saini tufunge kisima, tufunge na mji."

"Sitii. Tumekimiminia maji baridi ya kuchorongea mwamba siku arobaini. Hapo tumepima ubaridi wetu wenyewe. Mchorongaji hatii saini kabla kisima hakijapumzika."

"Kwa hiyo na kisima nacho kinalala?"

"Vizuri kuliko wewe, Mwenyekiti. Nipe saa thelathini."

Mlekwa akacheka bila kutaka, akampa.

Kidawa alizima pampu, akakiacha kipimajoto kulekule chini, akaketi juu ya kreti na daftari lake. Kila saa aliandika kiwango cha joto. Sabini na nne. Tisini. Mia moja na tatu. Watu wakaanza kuja kusimama nyuma yake, mabegi mgongoni, wakisoma juu ya bega lake.

Saa ya ishirini na sita aliandika mia moja na kumi na tisa. Mtu akapiga kigelegele.

"Bado," alisema Kidawa bila kugeuka.

Nyuma yake mwanamke mmoja alishusha begi taratibu, akalikalia.